Kaka anataka kamera mlangoni, mama hataki, na mlango wenyewe uko barabarani

Shikamoo Bi Mshauri,

Samahani barua itakuwa ndefu, manake hili jambo limenikaa kifuani muda sasa na nyumbani siwezi kuliongea bila mtu kununa.

Mie naishi Tanga, Ngamiani, nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ni zile nyumba zetu za kizamani, ukumbi katikati vyumba huku na huku, mlango wa mbele unafungukia barazani na baraza ndo barabara hapohapo, hatuna geti hatuna ukuta. Tupo mimi na mama, mama ana miaka 71, na uani kuna wapangaji wawili. Mie ndo kitinda mimba, nina miaka 29, nauza duka la vitambaa, naondoka saa mbili asubuhi narudi magharibi. Kaka yetu mkubwa yuko Marekani, Ohio, mwaka wa kumi na moja huu, yeye ndo anatuma hela ya matumizi kila mwezi na kwa hilo Mungu ambariki.

Sasa mwishoni mwa 2024, wakati wa lile zoezi la kuboresha mita za umeme za LUKU, unakumbuka zile namba ndefu za kuingiza kwanza, akaja kijana mchana saa nane, hodi hodi, shati safi kachomekea, kitambulisho kaning'iniza shingoni, anasema katumwa kusaidia wazee. Mama akamkaribisha akampa na maji. Namba akaingiza kweli! Alafu akaomba simu ya mama eti athibitishe, akaomba na namba ya siri. Ikaondoka laki nne na themanini, hela ambayo kaka kaituma tupake nyumba rangi. Mama hakusema kitu siku tatu nzima, mie nikajua tu pale fundi rangi alipokuja kudai.

Tangu siku hiyo kaka hana amani, na nikisema ukweli hana imani hata na mimi, kila simu ni "wewe ulikuwa wapi". Akatuma kengele ya mlangoni yenye kamera kupitia rafiki yake, mtu akibonyeza inaita kwenye simu yako popote ulipo. Fundi wetu wa hapa mtaani akaona ina nyaya mbili akataka kuziunga moja kwa moja na umeme wa ukutani, bahati mpangaji wetu mmoja kasoma ufundi VETA akamshika mkono, akasema hii inataka volti 16 mpaka 24 na wewe unaipa 230, unataka kuwasha nyumba? Bas imekaa kabatini mpaka leo. Kaka akasema haya nunua hukohuko, katuma laki tatu, "chagua ya uhakika, akaunti fungua kwa imeili yangu, nyie nitawaingiza kama wageni".

Nimeuliza kila mahali. Mmoja kaniambia chukua ya betri, mwingine hapana ya waya, mwingine ananitajia 2K, eti ndo ukali wa picha, mwingine ananionyesha ya elfu sitini na tano haina hata jina anasema ni kitu kilekile. Intaneti yetu ni bando la simu yangu, nawasha hotspoti, muuzaji kasema inatosha.

Mama yeye kagoma. Anasema mlango huu baba yenu aliujenga watu waingie, leo mtu aje kunijulia hali nimuulize kwa mashine? Na mchana anakaa ukumbini na kanga zake mbili, mashoga zake wanakuja, wanavua baibui wanaongea yao. Na vijana wanaokaa barazani kwetu jioni wameshasikia, mmoja kasema kwa utani ila sio utani, "kumbe siku hizi sisi ndo wezi". Hawa ndo waliobeba jeneza la baba, Bi Mshauri.

Na mie pia jamani, siku nyingine narudishwa na mtu usiku, si kila kitu kikaonekane Ohio.

Naomba unisaidie, ninunue ipi ya kuaminika na nimwambieje kaka, mama asikasirike na kaka asije akakata hela.

Kitinda Mimba, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nikaona swali la kamera, mara ya pili nikaona watu wanne na mlango mmoja: kaka anataka kuona, mama hataki kuonwa, vijana hawataki kushukiwa, na wewe umesimama kizingitini na laki tatu mkononi unaambiwa chagua. Hapo hata ungepewa milioni tatu ungehangaika. Kwa hiyo nitakujibu la kamera, tena kwa urefu manake naona wauzaji wamekuzungusha, ila niruhusu kwanza tumrudishe yule kijana mlangoni.

Chukulia siku ile kamera ilikuwepo. Anakuja saa nane mchana, anatabasamu, anapiga hodi kwa mdomo kama tunavyopiga wote, kengele haigusi. Mama anamfungulia. Kamera imepata sura nzuri kabisa ya shati safi na kitambulisho, na hela inaondoka vilevile, kwa sababu hela ilitoka kwa namba ya siri, haikutokea mlangoni. Sisemi sura si kitu, sura ya kupeleka polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa ni kitu kikubwa na pengine angeshapatikana. Lakini angalia na saa. Saa nane mchana Tanga mwezi wa Novemba, Ohio ni saa kumi na mbili alfajiri. Angekuja saa nne asubuhi, Ohio ingekuwa saa nane usiku na kaka yako kalala fofofo. Sasa hiyo simu ya "mlango unabishwa" angeipokea nani? Nadhani hapo ndo pa kuanzia kupima neno "uhakika", kabla ya 2K na kabla ya betri. Mtu anayeweza kusema "mama subiri usifungue, nampigia mpangaji aje" yuko dukani Tanga, na ni wewe. Kamera itakayoita kwako haraka na sauti ikasikika vizuri pande zote mbili ina faida kuliko yenye picha ya sinema inayoita baada ya mgeni kushaingia.

Na hapo ndo hotspoti yako inapokwama. Ukiondoka saa mbili asubuhi na simu, intaneti ya nyumba imeondoka nayo, kengele inabaki pambo. Aliyekwambia inatosha sijui alikuwa anafikiria simu unaiacha mezani? Utahitaji rauta ya laini inayokaa nyumbani na bando lake la mwezi, na hiyo gharama ihesabu kabla ya kununua kamera manake ndo itakayokusumbua kila mwezi. Umeme nao ukikatika rauta inazima. Kuna vile viboksi vya betri vya rauta, vingi ni vya volti 12, vinaishikilia saa kadhaa, angalia tu volti iliyoandikwa kwenye adapta ya rauta yako ziwe sawa. Tena hizi kengele nyingi zinashika waifai ya GHz 2.4 tu, ile ya GHz 5 hazioni, na kuta zenu za zamani nene zinakula mtandao, kwa hiyo rauta iwe chumba cha mbele, sio uani.

Halafu barabara. Hili wauzaji hawakwambii kwa sababu makaratasi yao yameandikwa kwa nyumba yenye bustani mbele, mtu anayepita mlangoni kwa siku ni wawili watatu. Wanasema betri inakaa miezi sita, wanahesabu hao wawili watatu. Ngamiani wanapita watu, baiskeli, bajaji, muuza samaki, watoto wa madrasa, kila anayepita inaamka inarekodi. Dakika moja ya vidio ya kawaida ni kama MB 10 mpaka 15. Ikiamka mara 200 kwa siku sekunde 20 kila mara, hiyo ni zaidi ya saa nzima ya vidio, karibu GB 1 kwa siku ikiwa inapeleka juu mawinguni, na betri utaitoa kuichaji kila baada ya wiki chache hadi siku moja utasahau. Kwa hiyo tafuta inayokubali kuchora eneo, uiambie angalia kizingiti na baraza tu barabara achana nayo, au uizime kabisa hiyo ya mwendo iamke kwa kubonyezwa tu. Na itunze rekodi ndani ya nyumba, kwenye memori kadi au kwenye kile kiboksi chake kinachokaa ndani, hapo bando linaliwa pale tu unapofungua kutazama. Kiboksi cha ndani nakipenda zaidi, manake kadi ikiwa ndani ya kengele yenyewe mwizi akiing'oa kaondoka na ushahidi wake mkononi.

Majina. Ring na nyingine za aina yake bila malipo ya mwezi unaona laivu tu, rekodi hupati, na malipo ni kwa dola. Eufy, Tapo na Reolink wana aina zinazotunza hapohapo nyumbani bila ada. Hakuna malaika humo lakini. Eufy walisema picha haziendi popote, mwaka 2022 ikagundulika vipicha vidogo vilikuwa vinakwenda kwenye mtandao wao. Ring mwaka 2023 walikubali kulipa dola milioni 5.8 huko Marekani baada ya serikali kuwashtaki kwamba wafanyakazi waliweza kuangalia vidio za ndani kwa watu. Na ile ya elfu sitini na tano isiyo na jina, hapo mwanangu nakaza kidogo. Mwaka 2024 Consumer Reports, wale wapima bidhaa wa Marekani, walikuta kengele za bei poa zinauzwa kwa majina tofautitofauti kiwanda kimoja, mtu anasimama mlangoni kwako anashikilia kitufe sekunde chache anaiunganisha na simu yake, kamera imekuwa ya kwake. Sijui kama hiyo uliyoonyeshwa ni ndugu yao. Ila kama huwezi kujua nani kaitengeneza na nani anaitumia marekebisho, bei rahisi hapo inakuja na mgeni wake. Yoyote utakayochukua, paswedi iwe mpya isiyotumika kwingine na uwashe ule uthibitisho wa pili unaokuja kwenye simu. Na angalia kama imeandikwa haipitishi maji na vumbi, upepo wa bahari Tanga unaujua unavyokula chuma, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Sasa tuje kwenye akaunti, manake kwangu mimi hili ndo lilionisimamisha kwenye barua yako na wewe umelipitia kama jambo la fomu tu. Mwenye akaunti ndo mwenye jicho. Yeye anaona yote, anasikiliza wakati wowote, anafuta, anamwingiza na kumtoa amtakaye, mgeni anaona alichopewa. Kaka akisema fungua kwa imeili yangu pengine hana nia yoyote mbaya, kwake ni yeye analipa kwa hiyo iwe kwake, na kuna faida pia, mkipoteza simu huko akaunti haipotei. Lakini maana yake ni kwamba mlango wa mama utakuwa unafunguliwa Ohio. Unaweza kufungua kwa imeili yako ukamwingiza yeye kama mgeni. Unaweza kumpa kengele tu, akibonyeza mtu naye aitwe, mwendo asipate. Mnaweza hata kuanza na kwake kwa miezi mitatu mkaona. Kila moja ina bei yake, ya pili anaweza kujisikia katolewa nje ya nyumba ambayo yeye ndo anailisha, na ya kwanza wewe utabeba lawama kila kamera ikizima.

Nikuulize kitu. Umesema asije akakata hela. Ameshawahi kusema atakata, au ni wewe unaogopa? Manake miaka kumi na moja anatuma. Na hilo swali lake la "ulikuwa wapi", yeye mwenyewe alikuwa wapi siku ile? Nadhani analijua jibu na ndo linamnyima usingizi. Mtu aliye mbali akishindwa kufanya kitu hununua kitu. Huenda hataki kumchunga mama, anataka tu amuone akitoka kumwaga maji asubuhi. Kama ni hilo, kuna njia ya kumuona mama ambayo mama mwenyewe anaipokea na anajifunga mtandio kwanza. Lakini hayo mimi nayakisia, wewe ndo unaweza kumuuliza.

La vijana wa baraza usilichukulie utani, na wewe hukulichukulia, nimeona. Kinachowaudhi watu zaidi ya picha ni sauti. Mwaka 2021 mahakama moja ya Oxford huko Uingereza iliamua kesi ya majirani kuhusu kengele hizihizi na kamera, hakimu akaona sauti inanaswa mbali kupita kiasi, maongezi ya watu waliokuwa hawajui kama wanarekodiwa. Sisi nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023. Mimi si mwanasheria na sidhani mtu atakupeleka mahakamani kwa ajili ya baraza, ila ujue kwamba kurekodi watu wanaoongea kwenye baraza yenu jioni nzima ni jambo lenye uzito. Kengele nyingi unaweza kuzima kurekodi sauti ukabaki na ya kuongea tu pale mtu anapobonyeza. Unaweza pia kuifunga kimo cha mita moja na kidogo, ikatazama anayesimama mbele ya mlango, benchi la bao likabaki nje ya picha. Na kabla ya fundi kuja, waite wale vijana uwaonyeshe. Hao ndo ulinzi uliokuwa nao kabla ya hii kamera, siku ile mchana walikuwa kwenye mihangaiko yao, na mtu aliyebeba jeneza la baba yako hatakiwi kusikia habari hii kwa mpita njia.

Na mama. Kuna aliyekaa naye akamuuliza anaogopa nini? Siku tatu amekaa na siri ile ndani ya nyumba hiyohiyo unayolala, mwanangu, hiyo ni aibu nzito kwa mtu mzima. Halafu baada ya aibu vinaletwa vyombo vya kumwangalia. Inawezekana anachokisikia yeye ni kwamba wanangu wameona sina akili tena. Akikataa mashine pengine hakatai ulinzi. Kuna kitu hujakitaja, zile intakomu za vidio za waya, kamera iko nje na kioo kiko ukumbini, hazihitaji intaneti wala akaunti ya mtu. Mama mwenyewe anaangalia kwenye kioo nani kabisha, anaongea naye akiwa ameketi, akitaka kuvaa baibui avae, akitaka kumfungulia amfungulie. Hapo yeye ndo mwenye jicho. Hasara yake ni kwamba wewe dukani hupati kitu na kaka Ohio hapati kabisa, na umeme ukikatika imelala. Kuna na vitu vya bei ndogo zaidi, mlango wa nondo mbele ya mlango wa mbao, anaongea na mtu huku nondo zimefungwa, hewa inapita, mgeni anaonekana na heshima haijavunjika. Kaka anaweza kuona hayo ni ya kizamani. Na namba ya siri ya simu, hiyo mkae naye mara moja tu bila kumsimanga, haina mwenyewe mwingine, hata akija mtu na kofia ya serikali.

Umeandika mstari mmoja mwishoni ukaupita mbio. Sikuulizi ni nani anayekurudisha. Nakuuliza tu, katika hiyo hofu yako ya kamera, ya mama ni kiasi gani na ya kwako ni kiasi gani? Una miaka 29, una haki ya kurudi nyumbani bila kurekodiwa na kakako. Lakini kama utamwambia kaka "mama ndo hataki" na ndani yake umeficha na "mimi pia sitaki", siku moja mama atakubali na wewe utabaki huna pa kujificha. Pengine useme la kwako kama la kwako, hata kwa ufupi, "kaka na mimi ni mtu mzima, akaunti iwe kwangu". Au usiseme. Wewe unamjua kaka yako kuliko mimi.

Ile ya kabatini usiitupe. Inaweza kufanya kazi kwa transfoma ya kushusha 230 mpaka volti inazotaka, fundi awe wa umeme kwelikweli, na muulize kaka kama bila malipo ya mwezi inarekodi chochote. Huyo mpangaji wenu wa VETA mpeni chai.

Na mkifikia kufunga yoyote ile, kabla fundi hajakaza, mkalishe mama pale anapokaa mchana na mashoga zake, washa simu, mpe mkononi atazame mwenyewe kinachoonekana na kisichoonekana, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Asipopenda anachokiona, mwambie fundi asogeze. Skrubu zenyewe ni mbili.